Pete Iliyosema Sikio

Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu mjukuu wake Joanne aolewe, Horace Tonks alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu ya meko ya sebuleni, akashusha kisahani cha chai, akakuta ndani hamna kitu. Akakipindua. Akakitikisa. Kisahani hakina pa kuficha kitu, lakini mtu aliyepotelewa hutafuta hata pale ambapo macho yake yanamwambia hapana.

“Beryl! Pete ya mama yako iko wapi?”

Beryl, bintiye wa pekee, alikuwa jikoni anakaanga mkate katika mafuta ya nyama kabla hajakimbilia kazini kwake, kwenye jiko la shule. Alijibu huku amempa mgongo, naye anajua fika kwamba kumsemesha baba yake kwa mgongo ni sawa na kuusemesha ukuta.

“Nini?”

“Nimesema imekwenda kusafishwa!”

“Kusafirishwa? Kwenda wapi?”

“Ku-sa-fi-shwa, baba.” Sasa akageuka, mwiko mkononi. “Bi Prosser, mama mkwe wa Joanne, ameipeleka kwa sonara wake kule Solihull. Aliichukua Jumapili alipokuja kunywa chai. Ni zawadi yake ya harusi.”

“Hasara ya nani?”

“Harusi, baba! Ha-ru-si!”

“Mimi nimesikia hasara,” Horace alisema, akavuta kiti, “na wala sidhani kama nimekosea.”

Masikio ya Horace hayakufa kwa uzee, yaliuawa. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa mpachika mawe katika kiwanda cha vito hapo hapo Hockley, Birmingham, na meza yake ilitengwa na mashine za kugonga madini kwa ukuta wa mbao usiozidi unene wa kidole. Wafanyakazi walipokwenda kuomba hata pamba ya kuziba masikio, wakubwa waliokaa ghorofani kwenye zulia waliwaambia watazoea. Na kweli walizoea, kama maiti anavyozoea kaburi. Mwisho kiwanda kikafungwa. Wakubwa wakaondoka na mashine, wafanyakazi wakaondoka na uziwi wao.

Beryl alimwekea sahani mbele, naye akakaa, jambo ambalo asubuhi halifanyi.

“Pete ile haioshwi,” Horace alisema. “Nimesema ndani ya nyumba hii tangu hujaota meno: pete ile na maji havijuani.”

“Si kuosha tu.” Beryl alianza kukusanya makombo ambayo hayakuwepo mezani. “Amepita leo na gari, wewe ukiwa bado kitandani. Sonara amemwambia yale mawe ni vioo.”

“Vyoo?”

“Vioo! Kama vya dirishani!”

“Ah. Hilo ningemwambia mimi, tena bure.”

“Basi anasema aviondoe vioo, aweke mawe ya kweli. Yote manne, pamoja na lile lililokosekana. Joanne hajui. Ni la kumshtukiza.”

Horace aliweka uma chini. “Na vioo?”

“Vioo vipi?”

“Vioo vyangu. Vikitolewa vinakwenda wapi?”

Beryl aliinuka akachukua koti lake, na jibu hilo hata kiziwi alilisikia.

Pete yenyewe ilikuwa nyembamba, ya dhahabu iliyochujuka, kazi ya Hockley ya miaka mia na hamsini nyuma. Zamani zile mabwana wenye mali waliwapa wake zao pete zenye mawe yanayotamka neno: unachukua herufi ya kwanza ya jina la kila jiwe, unasoma. Mafundi waliozitengeneza nao walikuwa na wake, ila mifuko yao ilikuwa na vumbi. Basi wakawatengenezea wao pete hizo hizo kwa kioo cha rangi, kila kioo kikawekewa nyuma karatasi ya fedha nyembamba kama ganda la kitunguu ili king'ae. Hii ya Horace ilikuwa na Daimondi, Emeraldi, yaani zumaridi, Ametisti na Rubi, zote za kioo. DEAR: yaani, mpenzi. Baba yake alimvisha mama yake, na Horace akamvisha Mavis mwaka 1934.

Baridi kali ya mwaka 1947, siku ya kufua, daimondi ilichomoka ikaenda na maji machafu. Zikabaki herufi tatu. EAR. Sikio. Mavis aliinua mkono penye mwanga wa dirisha, akasoma, akacheka mpaka akakaa sakafuni kwenye maji. “Ulinipa Mpenzi,” alisema, “sasa umenipa Sikio. Na kwa hizo ‘nini, nini’ zako za kutwa, afadhali mmoja wetu awe nalo.” Tangu siku ile Horace hakumwita jina jingine. Sikio, chai iko wapi. Sikio, huyu wa halmashauri anasemaje. Maana kwa daktari, kwenye ofisi ya nyumba, mbele ya kila mkubwa mwenye mdomo usiofunguka, Mavis ndiye aliyesimama pembeni yake akamrudishia maneno kwa uso mzima. Kupachika kioo kingine ingekuwa kazi ya robo saa. Lakini mganga hajigangi, na kila Horace alipogusia, mkewe alificha mkono nyuma ya mgongo.

Alipofariki, mwaka jana mwezi wa pili, hospitali ilimkabidhi Horace mfuko wa plastiki na orodha ya kutia sahihi. Pete moja, madini ya manjano, vioo vitatu, kimoja hakipo. Horace alitia sahihi, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuandika jingine.

Sasa alisimama, mkate haujaguswa.

“Nakwenda Solihull.”

“Baba, nakusihi. Wale watu wana gereji ya magari mawili. Joanne anakwenda kuishi mtaa mmoja nao. Usitutie aibu.”

“Nitavaa kofia,” Horace alisema.

* * *

Duka la sonara lilikuwa na mlango wa kioo usiofunguka mpaka mtu wa ndani abonyeze kitufe, kitasa kilie krrr, nawe usukume papo hapo. Kwa mwenye masikio ni jambo la kufumba na kufumbua. Horace hakuisikia krrr. Alisukuma mapema, mlango ukagoma. Akasubiri, kitasa kikalia kikanyamaza, akasukuma, mlango ukagoma. Kule ndani mwanamke aliyevaa miwani yenye mnyororo alikuwa akimpungia mkono, sasa, sasa, na Horace, kwa adabu zake, akavua kofia akampungia na yeye.

Akaja bibi mmoja mwenye mbwa mdogo. Kitasa kikalia, bibi akasukuma, mbwa akafuata. Horace akaingia nyuma ya mbwa.

“Pete yangu iko hapa,” alimwambia mwanamke wa miwani. “Ya mke wangu. Imeletwa na Bi Prosser.”

Yule mwanamke alisema jambo huku ameinamia daftari.

“Nini?”

Akasema tena, bado ameinama.

“Samahani, mama. Niangalie usoni. Sisikii vizuri.”

“NASEMA UNA RISITI?”

Bibi wa mbwa aligeuka. Mtu mwingine aliyekuwa akichagua saa naye akageuka. Horace alijisikia damu ikimpanda shingoni, ikapita kola, ikafika masikioni, ambako haikuwa na kazi yoyote ya kufanya.

“Sina. Aliyeleta ni yeye.”

“BASI ANAPEWA ALIYELETA.” Halafu, pengine kwa kumhurumia, pengine kwa kutaka aondoke, aliligeuza daftari na kumwonyesha mstari kwa kalamu.

Horace si msomaji wa haraka. Shule aliiacha na miaka kumi na minne, na yote aliyosoma baada ya hapo yalikuwa mawe madogo kuliko punje ya mtama. Aliufuata mstari kwa kidole. Prosser. Pete, madini ya manjano. Mawe halisi manne yawekwe. Vioo vitolewe, vitupwe.

Alilisoma neno la mwisho mara mbili.

“Vimeshatupwa?”

“Bwana, vile ni vya bandia,” yule mwanamke alisema, safari hii akimtazama. “Havina thamani hata ya kahawa. Ungekuwa unashukuru. Bi Prosser amechagua rubi nzuri sana.”

“Sibishani na rubi yake. Nimeuliza kama vimetupwa.”

“Fundi anaiosha kwanza, halafu ndiyo—”

“Anaiosha na nini?”

“Na maji, bwana! Kwani watu huosha na nini?”

Kiziwi hajui sauti yake inafika wapi. Ya Horace ilifika mpaka kwenye saa za ukutani.

“MSITIE MAJI! NYUMA KUNA KARATASI! KARATASI IKILOWA MAWE YANAKUFA!”

Mbwa alianza kubweka. Mchagua saa aliweka saa chini akaangalia mlango. Mwanamke wa miwani alikuwa ameshika simu, na hapana shaka Horace angetolewa nje kwa mkono wa mtu, kama si mlango mdogo wa nyuma ya kaunta kufunguka na kutokeza tumbo kubwa lililofungwa aproni, na nyuma ya tumbo mzee wa miaka sitini hivi, lenzi amepandisha kwenye paji la uso.

“Nani huyo anayejua habari ya karatasi?”

“Len, rudi ndani. Huyu bwana hana risiti.”

“Huyu si wa risiti, dada,” Len alisema. “Huyu ni wa ndani. Pita, mzee.”

* * *

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo kuliko choo cha shule, na Horace alipoingia alivuta harufu ya gesi na nta, mabega yakamshuka. Meza ilikatwa nusu mwezi mbele, na chini yake imening'inia ngozi ya kudakia vumbi la dhahabu. Na juu ya meza, kwenye kipande cha kitambaa, pete. Kavu. Zumaridi ya kioo, zambarau ya kioo, nyekundu ya kioo, na mwanzoni kabisa kile kikombe kitupu cha daimondi iliyopotea.

“Sikuitia maji,” Len alisema. Alizungumza kwa mdomo mpana, kama wanavyozungumza watu waliolelewa kwenye makelele ya viwanda, na Horace alimwelewa kila neno. “Ningeitia maji, mzee aliyenifundisha kazi angetoka kaburini anizabe kofi. Ila tangu Jumatatu ninaitazama, najiuliza: ni mtu gani huyu anayevaa sikio kidoleni?”

Horace alicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kimekaa muda mrefu bila kutumiwa, lakini kilitoka.

“Mke wangu,” alisema. Akamweleza. Alieleza mambo ya siku ya kufua na maji machafu, na Mavis sakafuni, na jinsi alivyokuwa akiificha pete mgongoni. Len alisikiliza, lenzi kwenye paji la uso kama jicho la tatu, akitikisa kichwa mahali panapostahili.

“Unaona shida yangu lakini,” Len alisema mwishoni. “Mimi ni mtu wa mshahara, ndugu yangu. Daftari likisema vitupwe, natupa. Nimebakiza miaka mitano nistaafu. Wenye duka hawa wakinifukuza leo, nani ataniajiri na tumbo hili?”

“Sikulaumu. Nawajua wenye maduka.”

“Mwenye kauli ni aliyeleta. Ameshapigiwa simu. Yuko hapa karibu, kwa mpika keki.”

Horace akakaa kwenye kibao, kofia magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Hakuondoa macho kwenye pete. Angeweza kuichukua akaitia mfukoni; Len mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta, anapekua droo isiyo na kitu cha kupekua. Lakini Horace hakuwahi kutoka kiwandani na hata chembe ya dhahabu chini ya ukucha, ingawa wakubwa waliwapekua kila jioni, na hakuona sababu ya kuanza wizi katika umri wa miaka sabini na mitatu, tena kwa kuiba mali yake mwenyewe.

* * *

Bi Prosser aliingia kwanza, mrefu, mwenye glavu za rangi ya maziwa, na nyuma yake Joanne, mjukuu, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili na unga wa sukari kwenye mkono wa koti. Hakujua ameitiwa nini. Chumba kilijaa.

“Babu! Umefikaje huku?”

“Nyuma ya mbwa,” Horace alisema.

Bi Prosser alianza kuzungumza. Alikuwa na tabia ya kuweka glavu mbele ya mdomo akiwa na wasiwasi, na sasa alikuwa na wasiwasi mwingi, kwa hiyo Horace aliona glavu tu na juu yake macho mawili yaliyokwazika. Joanne alimgeukia babu yake, akasimama mahali penye mwanga, akaanza kumrudishia.

“Anasema alitaka iwe siri... Anasema nimeharibiwa mshangao wangu... si kwa ubaya... Anasema alitaka niwe na kitu cha kweli nikiingia kwao. Kwa sababu Clive ni mwanawe mmoja tu.” Akanyamaza, akamgeukia mama mkwe. “Kitu cha kweli kipi?”

Ikabidi aelezwe: rubi, ametisti, zumaridi, daimondi, zote tayari kwenye kikasha kwenye kaunta. Joanne aliitazama pete juu ya kitambaa, akamtazama babu yake na kofia yake, akaelewa kwa nini mzee ambaye haendi hata kwa kinyozi peke yake yuko Solihull.

Horace alisimama.

“Bi Prosser, mawe yako ni mazuri kuliko yangu. Hata mtoto anaona. Na umefanya kwa wema, wala sikatai. Lakini hivi vioo vilikaa mkononi mwa mke wangu miaka arobaini na minane. Hospitali waliandika vioo. Hapa wameandika vioo. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba ni vyake.”

Glavu ilishuka. Chini yake kulikuwa na mdomo wa kawaida tu, wa mwanamke wa makamo.

“Sikujua,” alisema, na Horace alilisoma neno hilo mwenyewe. “Beryl hakuniambia.”

“Beryl aliona haya.”

“Haya ya nini, jamani?”

“Ya gereji yenu ya magari mawili.”

Len alikohoa. Bi Prosser alitoa macho, kisha akacheka, kicheko kikubwa kuliko glavu zake.

“Hiyo gereji? Upande mmoja umejaa mazulia ambayo mume wangu ameshindwa kuyauza! Gari langu linalala nje na mvua!” Alifuta jicho kwa kidole cha glavu. “Basi yaishe. Vioo vibaki. Bwana Len, usitupe kitu. Lakini jamani,” na hapa aliinama juu ya meza, “lile pengo tu. Angalau hilo tulizibe. Bibi harusi na pete isiyo na jino mbele! Watu watasemaje?”

“Pengo halizibwi,” Horace alisema.

“Hata kwa daimondi? Ninayo hapo nje.”

“Hata kwa nyota ya mbinguni. Pengo ndilo lenyewe. Likizibwa, pete haisemi tena Sikio.”

Len alikuwa amesimama na mikono juu ya tumbo, akingoja kauli. Bi Prosser alimtazama Joanne, maana ndiye mvaaji.

Joanne alikuwa amechukua pete, ameigeuza kidoleni. Ilimkaa. Aliitazama muda, kisha akaivua.

“Babu, izibe,” alisema.

Horace alisikia. Midomo aliiona vizuri, mwanga ulikuwepo. Lakini alisema, “Nini?”

“Nimesema izibe. Kwa kioo, si kwa daimondi. Lakini izibe.”

“Bibi yako alikataa miaka thelathini na mitano.”

“Bibi alikuwa na haki ya kukataa.” Joanne alimshika babu yake mikono miwili, pete katikati. “Mimi na Clive tumejuana miezi kumi na minne, babu. Hatujagombana hata juu ya dirisha, lifungwe au liwe wazi. Akizungumza habari za mpira namsikiliza kwa kujibana ubavu nisilale. Mimi nitakuwaje Sikio? Bibi hakuanza hapo. Alianza na Mpenzi, akavaa Mpenzi miaka kumi na tatu, ndipo ikaanguka yenyewe. Mkinivisha Sikio Jumamosi, nitakuwa nimevaa kazi ya mtu mwingine. Ile ni yenu nyie wawili. Mimi nipeni mwanzo.”

Horace alimtazama. Alikuwa amevuka mji mzima kuja kulinda tundu. Na sasa anayeomba lizibwe hakuwa mkubwa wa kiwanda, wala karani wa hospitali, wala mwanamke wa miwani, watu ambao angejua namna ya kuwakatalia na kuwachukia kwa raha zake. Alichokiona ni Mavis mwaka 1934, mlangoni mwa kanisa, ananyoosha mkono mbele ya dada zake na kuwasomea herufi moja moja, nne, bila hata kujua kwamba ipo siku atakuja kuwa sikio la mtu.

“Len,” alisema. “Una kioo cheupe?”

Len alikwisha kufungua mkebe wa tumbaku. Ndani mlikuwa na vioo vya zamani, vya kila rangi, vilivyookotwa kwenye pete zilizokufa, kwa miaka mingi, dhidi ya maagizo ya madaftari mengi. Vichwa viwili vyenye mvi vikainama juu ya mkebe.

“Hiki.”

“Kikubwa. Kitaifunika zumaridi.”

“Basi hiki.”

“Hicho kina mkwaruzo.”

“Na wewe una mkwaruzo, mzee, na bado umeingia Solihull.”

Bi Prosser, aliyekuwa amesukumwa mpaka kwenye ndoano ya makoti, aliuliza kama kweli hawataki daimondi yake, hata ile ndogo.

“Itawatia wenzake haya, mama,” Len alisema.

“Tununulie jiko,” Joanne alimnong'oneza mama mkwe. “La zamani la mwenye nyumba lina moto upande mmoja tu.”

“Jiko!” Bi Prosser alisema, kama mtu aliyefunguliwa kamba. “Kwa nini hamkusema tangu mwanzo? La gesi au la umeme?”

Len alitoka kwenye kiti chake, akamwonyesha Horace kwa kiganja. “Kaa. Daftari halikusema nani apachike.”

Horace alikaa. Alivuta ile ngozi magotini kwa mazoea, akaingiza lenzi kwenye jicho. Mikono ilikuwa ikimtetemeka tangu kiwanda kifungwe, na sasa ilimtetemeka vile vile, mpaka aliposhika kijiti chenye nta na kukigusa kioo. Kioo kikanata, kikainuka. Mkono ukatulia, kama ng'ombe aliyeona zizi. Alikata duara la karatasi ya fedha, dogo kuliko ukucha wa mtoto, akalilaza kikombeni, akalipuliza kidogo. Kioo kikaingia juu yake, kikashika mwanga, kikamrushia jichoni. Pete ikasoma tena herufi nne, na Horace akangoja kifua kimuume. Kilimuuma, lakini si kwa namna aliyoiogopa.

Akachukua chombo cha kusukumia ukingo. Alisukuma juu, akasukuma chini. Akasukuma upande wa kushoto.

Joanne aliinama mpaka shavu lake likakaribia lake, akamsemea pale pale sikioni, polepole.

“Usiibane sana, babu.”

Chombo kikasimama. Horace hakuuliza nini. Aliugusa upande wa nne mara moja tu, kwa wepesi, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa, akavua lenzi, akampa Len.

Len aliipeleka pete dirishani. Aliigeuza huku, akaigeuza kule, akaitazama ule upande wa nne kwa muda mrefu, akakunja uso wa kifundi.

“Bwana Tonks, sikufichi. Kazi hii haifiki miaka ishirini.”

“Kumi na tatu inatosha,” Horace alisema, akavaa kofia.